Shamba Lililouzwa na "Mtu Mwingine": Uchambuzi wa Kisa cha Jeraha la Ubongo, Dodoma

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya maofisa ustawi wa jamii, wauguzi wa afya ya akili na yeyote anayebaki na familia baada ya daktari kumaliza kusoma picha ya kichwa. Mhusika na mke wake wameridhia kisimuliwe. Jina la kijiji, umri, ukubwa wa shamba na mambo mengine yanayoweza kuwatambulisha yameondolewa au kubadilishwa. Mhusika tunamwita Bwana M.

Swali lililomo ni la zamani: hii hisia ya kuwa "mimi", pamoja na tabia ambayo wengine humtambulia mtu, je, vyote vinatokana na ubongo? Darasani swali kama hili linaweza kusubiri kipindi kijacho. Kwa familia ya Bwana M. lilikuja na mnunuzi mlangoni, karatasi ya mauziano mkononi, na lilitaka jibu kabla ya mavuno.

Usuli

Bwana M. ni mkulima wa zabibu katika kijiji kimoja nje ya jiji la Dodoma. Mizabibu huku huvunwa mara mbili kwa mwaka, na hesabu za nyumba nyingi huenda kwa misimu hiyo miwili: ada, mabati, madeni. Shamba alilianzisha na mkewe, wakaanza na mistari michache wakaongeza kidogo kidogo, ila kwenye karatasi za kijiji liliandikwa jina la mume peke yake.

Kabla ya ajali alikuwa mzee wa kanisa na mweka hazina wa kikoba. Watu waliomfahamu walirudia mambo mawili: ni mkono wa birika, na shilingi ya mtu hailali kwake. Maneno yake machache. Kwa mama mkwe wake alishika adabu kama Wagogo wengi wa rika lake wanavyolelewa: alimsalimia akiwa ameinamisha macho, hakukaa naye mkeka mmoja, hakula naye sahani moja.

Mfuatano wa matukio

Jioni moja alikuwa akirudi kutoka mjini kwa pikipiki, bila kofia ngumu. Punda wawili waliobeba madumu ya maji walikatiza barabara. Alianguka akatua kwa paji la uso. Kituo cha afya kilimpa rufaa usiku uleule.

Picha ya CT ilionyesha michubuko na damu kidogo katika sehemu ya mbele ya ubongo, pande zote mbili, zaidi upande wa kulia, juu tu ya mifupa inayofunika macho. Ni mahali panapoumia mara nyingi kwenye ajali za namna hii, kwa sababu sakafu ya fuvu hapo ina makunyanzi makali, na ubongo unaposukumwa kwa kishindo hujikwaruza juu yake. Hakuhitaji upasuaji. Alichanganyikiwa kwa siku kadhaa, kisha akakaa sawa.

Kabla ya kuruhusiwa alipimwa kumbukumbu. Alitaja tarehe na siku, akarudia maneno aliyopewa, akataja majina ya wanachama wa kikoba wanaodaiwa na kiasi cha kila mmoja bila daftari. Kwenye faili ikaandikwa anaendelea vizuri, naye akatoka kwa miguu yake.

Dalili ya kwanza ilionekana msibani. Jeneza linashushwa, Bwana M. akaanza kusimulia kwa sauti jinsi marehemu alivyokuwa akiwakwepa wadai, akacheka peke yake hadi akashikwa mkono na kuondolewa. Wiki zilizofuata yule mkono wa birika akawa ananunulia kijiwe kizima soda. Kikoba kikamwomba funguo ya sanduku, kwa upole, naye akaitoa bila kinyongo, jambo ambalo lilimshtua mkewe kuliko soda zote.

Kisha likaja la mama mkwe. Alikuja kumjulia hali mgonjwa. Bwana M. akaenda kukaa naye mkeka mmoja, akachukua nyama kwenye sahani yake, akamwambia amezeeka vibaya. Bibi yule hakujibu. Alivaa viatu, akaondoka, na hakukanyaga tena nyumba ile kwa miezi mingi.

Mwezi wa tatu baada ya ajali aliuza shamba. Bei ilikuwa ya pikipiki kuukuu, na mizabibu ilikuwa imekwishapogolewa, inangoja kuzaa.

Mkewe aliieleza hali hii kliniki kwa sentensi ambayo tangu hapo imetumika kwenye mafunzo yetu: "Anajua kila kitu alichokijua mume wangu, lakini siye." Bwana M., aliyekuwa amekaa pembeni yake, hakukasirika. "Mimi ni yuleyule," alisema. "Nyie ndio mmebadilika, mmekuwa na maneno mengi."

Wakati huohuo kijijini jibu lilikuwa limeshapatikana. Kaka yake mkubwa alikwenda kwa mganga, na mganga akasema M. wa kweli amechukuliwa msukule usiku wa ajali. Anayeonekana nyumbani ni kivuli kilichoachwa ili watu wasitafute. Watoto wakakatazwa kupokea chakula mkononi mwake.

Maamuzi yaliyofanyika na sababu zake

*Kueleza familia.* Timu ya kliniki iliona kwamba habari ya msukule lazima ikatwe haraka, kwa ajili ya watoto na kwa sababu mganga alishaanza kudai mbuzi. Daktari aliinua picha dirishani, akaonyesha pale palipoumia, akasema hakuna aliyemchukua mtu huyu, ni ubongo wake umejeruhiwa, na sehemu iliyojeruhiwa ndiyo inayomzuia mtu kuropoka na kutapanya. Mke alilia kwa nafuu, maana alikuwa ameanza kushukiwa yeye. Kaka mkubwa alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Kwa hiyo daktari umekubaliana nasi. Mdogo wetu hayupo." Akaomba barua ya kuthibitisha kwamba M. hana akili timamu, ili mali yote ishikwe na ukoo.

*Kutotoa barua ya jumla.* Timu ilikataa. Badala yake ikapima jambo moja moja. Bwana M. alipewa shilingi 10,000 akatumwa dukani kununua salfa ya kupulizia mizabibu. Alirudi na salfa sahihi na hesabu sahihi kabisa, ila chenji yote alikuwa amewagawia vijana wa bodaboda stendi. Alipoulizwa kama ni busara kugawa fedha ya dawa ya shamba, alieleza kwa ufasaha kwa nini si busara, akatoa na mfano wa jirani aliyefilisika kwa tabia hiyo. Aliyajua yote. Kujua huko hakukumzuia mkono. Ndivyo jeraha la mahali pale lilivyo, na ndiyo sababu vipimo vya maswali na majibu havikuona kitu.

*Kumrudisha kazini mapema.* Mtaalamu wa tiba kazi alikwenda naye kwenye mistari ya zabibu ya ndugu yao mwingine, msimu wa kupogoa. Ilikuwa asubuhi ya kustaajabisha. Alishika mkasi, akaingia kwenye mstari, akakata tawi kwa tawi bila kunyanyua kichwa. Kijana wake aliacha tawi refu, naye akamrudisha nyuma: "Acha macho mawili. Ukiacha matano utavuna majani." (Macho ni vichipukizi vya tawi.) Hakutoa utani wala tusi. Wapita njia walimwita, akapunga mkono akaendelea. Alipofika mwisho wa mstari na kuweka mkasi chini, hazikupita dakika nyingi akawa anamwita muuza karanga ili amnunulie kila mtu. Mtaalamu akamrudishia mkasi. Kuanzia hapo ratiba yake yote ikapangwa kwa kazi zenye mwanzo, mwisho na kifaa mkononi.

*Kikao cha shamba.* Walikaa mwenyekiti wa kijiji, wazee, mnunuzi, ndugu, mke, mwinjilisti wa kanisa lao, timu, na Bwana M. mwenyewe, kwa sharti la timu kwamba bila yeye hakuna kikao. Njia za kurudisha shamba zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kusema muuzaji hakuwa na akili zake, kwa hiyo mauziano ni batili. Kaka mkubwa aliitaka hii. Ya pili ni kwamba mke hakuridhia. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka anayenunua ardhi ya mtu mwenye mwenza aulize kama mwenza ameridhia, na mnunuzi alikiri hakuuliza. Timu ilishauri ya pili, kwa sababu iliyosemwa wazi kikaoni: njia ya kwanza ingerudisha shamba leo na kumwondoa mwenye shamba kesho.

Mnunuzi alikubali kurudishiwa fedha zake kwa awamu, kutoka mavuno mawili. Bwana M. alipoitwa kutia sahihi makubaliano hayo, kaka yake alidakia: sahihi hiyo ni ya nani, kama mwenyewe hayupo? Mnunuzi akamjibu, "Ya huyu aliyepokea hela yangu."

*Fedha.* Ilikubaliwa Bwana M. abaki na fedha ya mfukoni kila wiki, atapanye au asitapanye. Kinachozidi hapo kinahitaji mke na mtu wa tatu. Huyo wa tatu alimchagua mwenyewe: rafiki yake wa ujana, si kaka yake.

Matokeo

Mnunuzi alilipwa. Matusi yalipungua sana ndani ya mwaka, utani wa ovyo haukupungua hivyo. Watoto wanakula naye. Mama mkwe alipelekewa faini kwa utaratibu wa wazee, Bwana M. alisema haoni kosa lake, lakini akaenda, akakaa mbali, akainamisha macho kama alivyoelekezwa. Bibi alipokea, akaongeza neno: amempokea mume wa mwanawe, mkwe wake bado anamsubiri.

Kaka mkubwa hafiki tena nyumbani.

Uchambuzi

Nianze na ubongo. Kisa hiki kinafanana na kile kinachotajwa kuliko vyote katika fani hii. Tarehe 13 Septemba 1848, huko Cavendish, Vermont, nchini Marekani, msimamizi wa ujenzi wa reli aitwaye Phineas Gage alipigwa na mtaimbo wa chuma wa uzito wa karibu kilo 6, uliopita chini ya shavu la kushoto ukatokea utosini. Alipona, akaongea, akakumbuka. Daktari wake, John Harlow, aliandika mwaka 1868 kwamba marafiki zake walimwona si Gage tena. Mke wa Bwana M. hakuwahi kusikia habari hizo, na alisema karibu maneno yaleyale.

Hapa ndipo fundisho la kwanza lilipo. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke alidai mwaka 1694 kwamba kinachomfanya mtu awe yuleyule ni fahamu inayofika nyuma hadi matendo yake ya jana, yaani kumbukumbu. Ingekuwa hivyo tu, familia hii isingekuwa na tatizo: kumbukumbu ya Bwana M. ilikuwa nzima kuliko ya sisi tuliompima. Tazama upande wa pili. Henry Molaison, Mmarekani aliyefanyiwa upasuaji wa kifafa mwaka 1953, alipoteza uwezo wa kuhifadhi mambo mapya hadi kifo chake mwaka 2008, lakini waliofanya naye kazi miaka yote hiyo walimweleza kuwa mtu yuleyule mpole na mwenye adabu. Nina Strohminger na Shaun Nichols waliziuliza familia za wagonjwa wa aina mbalimbali za magonjwa ya ubongo, wakachapisha majibu mwaka 2015: kilichofanya ndugu waseme "siye yeye" hakikuwa usahaulifu, kilikuwa kubadilika kwa maadili, kama huruma na uaminifu. Wazee wa kijiji wangeweza kuwaambia hayo bila utafiti. Mtu anayeiba nyama ya mkwe ametoka kwenye utu wake hata kama anakumbuka siku ya harusi.

Lakini yeye mwenyewe hakuhisi kutoka popote. Jambo hili halipewi uzito wa kutosha. Hisia ya ndani ya "mimi" haikuguswa na jeraha lililogeuza tabia yote ya nje. Tunajua hisia hiyo nayo inaweza kuchezewa mahali pengine pa ubongo: mwaka 2002 Olaf Blanke na wenzake, nchini Uswisi, walimsisimua kwa umeme mgonjwa wa kifafa kwenye eneo moja la upande wa kulia, naye akajiona yuko juu akiutazama mwili wake kitandani. Kwa hiyo kinachoitwa nafsi si kitu kimoja kilichokaa chumba kimoja. Kuna mimi anayejisikia, mimi anayekumbuka, mimi anayejizuia, na jeraha linaweza kumpiga mmoja likawaacha wengine. Ndugu na mgonjwa walikuwa wakibishana kama wote wanazungumzia kitu kimoja, kumbe kila mmoja alikuwa sahihi kwa kile alichokuwa akikitazama.

Kikaoni mwinjilisti alitoa hoja inayostahili jibu. Redio ikianguka ikaanza kukoroma, alisema, mtangazaji yuko palepale studio, hajaumia. Ubongo ni redio, roho ni mtangazaji. Ni hoja nzuri, na picha ya CT haiwezi kuifunga, maana picha inaonyesha tu kwamba ukivuruga hiki, kile nacho kinavurugika. Shida yake ni hii: redio mbovu hutoa mikwaruzo au kimya. Haimfanyi mtangazaji aanze kusoma habari nyingine kwa sauti safi. Kwa Bwana M. sauti ilikuwa safi, hesabu safi, lugha safi. Kilichobadilika ni kile anachokipenda, anachokionea aibu, anachokithamini. Na kinabadilika kwa kufuata mahali palipoumia, kiasi kwamba daktari aliyeona picha tu angeweza kukisia nusu ya malalamiko ya mke. Mimi naegemea ubongo. Namna nyama inavyozaa hisia ya kuwa mtu, hilo ni deni ambalo sayansi bado haijalilipa, na asiyetaka kukubaliana nami analo pa kusimama.

Ila tazama kilichotokea kwa kila jibu. Mganga alisema wa kweli kachukuliwa, kimebaki kivuli. Daktari alisema ubongo umeharibika, na kaka akasikia wa kweli kafutika, kimebaki kiwiliwili. Anayelaumiwa ni tofauti, mchawi kwa mmoja na punda kwa mwingine, lakini hitimisho la nyumbani likawa moja: huyu aliyeko mbele yetu hana haja ya kuulizwa. Mwinjilisti, ambaye hoja yake naiona dhaifu kuliko ya daktari, ndiye aliyemgeukia Bwana M. na kumwita kwa cheo chake cha kanisani, kwa kuwa kwa imani yake mwenyewe alikuwa bado yumo. Ukweli kuhusu ubongo ulihitaji sentensi moja zaidi ambayo siku ile haikusemwa: jeraha limempokonya breki, halijampokonya yeye, yapo anayoyaweza, na haya ndiyo.

Kosa lingine lilitangulia hilo. Aliruhusiwa kwa kipimo cha kumbukumbu pekee, na familia haikuambiwa kwamba jeraha la mbele hujitokeza msibani, mkekani na sokoni. Ugomvi wa mama mkwe ungezuilika kwa onyo la dakika tano. Ni ghali kuurekebisha kuliko shamba.

Upogoaji ulifanikiwa kupita matarajio, na hata hilo lina mfano wa kale. Watu humwacha Gage mwaka 1848 na kusahau kwamba baadaye aliendesha gari la farasi la abiria huko Chile kwa miaka kadhaa, kazi yenye ratiba, njia na hatamu mkononi, kabla ya kufariki mwaka 1860. Mtu aliyeharibika moja kwa moja hapewi abiria. Kwa Bwana M. mstari wa mizabibu ulifanya sehemu ya kazi ya ubongo uliojeruhiwa: ulimwambia kinachofuata. Hii haipingi kwamba utu unakaa kwenye ubongo. Inaonyesha tu kwamba ubongo huo haukuwahi kufanya kazi peke yake, hata kabla ya ajali. Umakini wake wa zamani na fedha nao ulikuwa ukishikiliwa na daftari la kikoba, macho ya wanachama na kiti cha uzee wa kanisa, na vyote hivyo aliondolewa ndani ya mwezi mmoja, akiwa ndiyo kwanza anavihitaji.

Hata hivyo, kikoba hakijamrudishia funguo ya sanduku, na nadhani hakijakosea. Ameiomba mara kadhaa. Wanachama wanamsalimia kwa jina la zamani, Mweka Hazina, wanampa kiti chake, wanamsikiliza anapotaja madeni kwa kichwa, na sanduku linakaa kwa mtu mwingine. Wao hawakuamua kama M. ni yuleyule. Waliangalia sanduku linapotoka salama na linapotoka jepesi.